Mifuko Mitatu na Mvua ya Machi

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, siku ya Jumanne, mvua ya Machi 2024 ikiwa imeshatunyeshea mara mbili. Haukuingia kwangu. Uliingia Nairobi, kwenye simu ya mwanangu wa pili, kwa sababu siku ya kuandikishwa wakulima laini yangu ilikuwa imefungwa nikatoa namba yake. Yeye hulinda geti usiku, na akiwa kazini simu huizima. Aliusoma asubuhi akirudi kwake, akanipigia.

"Mama, serikali imekupa mbolea. Mifuko mitatu."

"Iko wapi?"

"Iko hapa kwa simu. Chukua kalamu nikusomee."

Nikachukua daftari langu la shamba nikaandika alichosoma: jina langu, idadi ya mifuko, kituo cha kuchukulia. Nilipokuwa naandika nilisikia trekta la jirani likipiga haro upande wa pili wa ua. Wenye mbolea walikuwa wameanza kupanda.

Mimi ni mkulima wa Trans Nzoia, upande wa Endebess, ambako ukiinua macho asubuhi unaona Mlima Elgon. Nilifundisha chekechea kwa miaka 19, na nilipostaafu nikabaki na tabia moja ya ualimu: naandika kila kitu. Nina ekari moja na nusu aliyoniachia marehemu mume wangu, na ekari moja nakodi kwa mtu ambaye hakai huku. Ndugu zangu wa mjini wakisikia kwenye redio habari za ruzuku, huniuliza, "Sasa nyinyi mnalipwa ngapi?" Swali lao ni la haki. Ziko nchi ambako mkulima hupokea fedha. Huko Ulaya hulipwa kwa kila hekta anayoitunza, na Marekani hutumiwa malipo kwenye akaunti yake ya benki bei ya mazao ikianguka. Sisi hatupokei hata senti. Ruzuku yetu ni punguzo. Serikali huagiza mbolea, hulipa sehemu ya gharama, na mkulima hulipa kilichobaki. Fedha za Hazina huenda kwa waagizaji na wasafirishaji. Kinachotufikia sisi ni mfuko wa kilo 50, na mfuko huo una siku yake ya kuwa na faida.

Ni kuhusu siku hiyo nataka kuzungumza, kwa sababu bei imeshazungumzwa vya kutosha.

Bei ilipanda kweli. Kenya huagiza karibu mbolea yake yote kutoka nje. Hushukia Mombasa, kisha husafiri kwa lori mpaka huku kwetu karibu na mpaka wa Uganda, na kila kilomita ina gharama yake. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei iliyokuwa imeshaanza kupanda ikaruka zaidi, kwani Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Msimu ule mfuko wa mbolea ya kupandia ulifika shilingi 6,500, na madukani kwingine ulipita hapo. Niliona wanawake wa chama chetu cha kukopeshana wakinunua mfuko mmoja watu wanne na kuugawa kwa debe. Wengine walipanda bila kitu. Mahindi yaliyopandwa bila mbolea katika udongo uliochoka huanza kugeuka zambarau kwenye kingo za majani yakiwa bado machanga. Hiyo ni njaa ya fosforasi, na mkulima akiiona anajua gunia lake limeshapungua kabla halijazaliwa.

Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alitangaza katika hotuba yake ya kwanza kwamba mifuko milioni 1.4 ingeuzwa kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Mwaka uliofuata bei ikashushwa tena hadi 2,500. Hili sitalipuuza. Mtu anayekodi shamba, anayelipa karo na kununua dawa, akiondolewa shilingi 4,000 kwa kila mfuko, amesaidiwa. Nilisimama jikoni nikafanya hesabu hiyo mara mbili, nikamshukuru Mungu.

Ili kujua nani apewe ngapi, wakulima waliandikishwa nchi nzima kuanzia mwaka 2023, kazi ikipitia kwa machifu na wazee wa vijiji. Zaidi ya wakulima milioni 5 waliingia kwenye orodha. Kwetu alikuja kijana mwenye simu kubwa, akaketi chini ya mti wa parachichi pale kwa mzee wa kijiji. Aliuliza namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari, unapanda nini, una ng'ombe wangapi. Nilipofika kwenye ekari nikasema mbili na nusu. Akaniita Kukhu, yaani nyanya, akauliza, "Zote ni zako?" Nikasema moja na nusu ndiyo yangu, ile nyingine nakodi. Akaandika moja na nusu. Ekari ninayokodi ilibaki kwa mwenyewe, ambaye hajashika jembe tangu nimjue. Kijana hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na adabu na alikuwa na foleni ya watu 60. Lakini pale chini ya mparachichi ndipo ilipoamuliwa nani ni mkulima, na aliyeandikwa kuwa mkulima wa ekari ile si yule anayeilima.

Nimekaa na wanawake wa chama nikawauliza mmoja mmoja. Kati yetu 14, tisa tunalima shamba ambalo hati yake ina jina la mtu mwingine: mume, baba mkwe, shemeji, mwenye kukodisha. Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki sawa ya kumiliki ardhi. Hati kwenye kabati bado zina majina ya zamani. Ujumbe wa mbolea hufuata jina na namba ya simu, na kwa hiyo mifuko ya baadhi ya wanawake hawa hutangazwa kwenye simu ya mtu ambaye labda anataka pesa ya haraka. Mimi mwenyewe nimefuatwa na dalali sokoni. Alisema nimpe ule ujumbe na kitambulisho, anipe shilingi 300 kwa kila mfuko, yeye ajue pa kuipeleka. Nilimkatalia. Simlaumu jirani yangu aliyekubali, maana mtoto wake alikuwa amelazwa.

Turudi kwenye ile Jumatano ya Machi mwanangu aliponipigia. Kituo nilichoelekezwa kiko kilomita 17 kutoka kwangu. Alhamisi nilichukua boda boda alfajiri, shilingi 350 kwenda. Nilikuta foleni imezunguka ukuta. Saa sita mtandao ukapotea, na bila mtandao karani hawezi kuona jina lako. Saa kumi tukaambiwa twende nyumbani. Jumamosi nilirudi. Jina langu lilionekana, lakini mbolea ya kupandia ilikuwa imeisha, imebaki ya kukuzia. Karani alinitazama kwa huruma akasema, "Mama, lori liko njiani." Nilimwamini, na lori lilikuwa njiani kweli, ila barabara yenyewe ilikuwa na mvua kama shamba langu. Safari ya tatu nayo ilikuwa bure, nilifika nikakuta lori bado. Safari ya nne, Aprili 15, nikapata mifuko yangu mitatu, mmoja wa kupandia na miwili ya kukuzia. Nikapanda kesho yake.

Kila anayelima Trans Nzoia anajua maana ya tarehe hiyo. Huku tuna msimu mmoja wa mahindi kwa mwaka. Tunapanda mvua za masika zinapoanza, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na tunavuna kuanzia Oktoba. Mbegu zetu za nyanda za juu ni za muda mrefu, hukaa shambani miezi sita na zaidi. Ukichelewa kupanda, udongo umepoa na kujaa maji, naitrojeni inayoamka na mvua za kwanza imeshasombwa chini, na mahindi yako yanakuja kubeba wakati mvua inaaga. Si jambo jipya. Watafiti wa mahindi wa Kitale, mji huo huo uliotoa mbegu chotara H611 mwaka 1964, walionyesha tangu miaka hiyo kwamba kuchelewa kupanda hula mavuno hata mbegu ikiwa bora na mbolea ikiwepo. (H611 naipenda kwa historia yake: upande mmoja ni mahindi ya Kitale, upande wa pili ni mahindi yaliyotoka Ecuador, ng'ambo ya dunia. Wakazaa mmea ulioinua nusu ya Kenya.)

Sasa nifungue daftari. Ile ekari ninayokodi sikuisubirisha. Kodi yake nilikuwa nimeshalipa, na niliogopa kuipoteza. Nilikopa kwenye chama nikanunua mfuko mmoja wa kupandia kwenye agroveti ya pale sokoni, kwa bei iliyozidi mara mbili ya ile ya serikali, nikapanda Machi 28. Ekari yangu mwenyewe ndiyo iliyongoja mbolea ya ruzuku mpaka Aprili 16. Siku 19 kati yake. Ile nusu iliyobaki ni ya nyumba, maharagwe na nyasi za ng'ombe. Mbegu ilikuwa ya aina moja, nimeinunua siku moja. Nilipima kwa kipimo kilekile nilichofundishwa na mama yangu, kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, udongo kidogo juu yake ili mbolea isiiunguze mbegu, kisha punje. Palizi mbili kila upande. Mbolea ya kukuzia, ile ya ruzuku, nilitia kote kwa wakati, mahindi yakiwa yamenifika magotini. Hapo serikali ilinisaidia kweli, na nimeiandika hivyo.

Novemba tulipukuchua kila ekari peke yake. Niliwasihi vijana wasichanganye, wakacheka lakini wakanitii. Ekari ya kukodi ilitoa magunia 22 ya kilo 90. Ekari yangu, ambayo udongo wake si mbaya kuliko ule, ilitoa 15. Tofauti ya magunia saba. Wiki ile wanunuzi walikuwa wanalipa shilingi 3,000 kwa gunia. Magunia saba ni 21,000. Kwenye mfuko mmoja wa kupandia nilikuwa nimeokoa kama 3,500, na katika hizo toa nauli ya safari nne.

Najua ekari mbili na mwaka mmoja si utafiti. Labda kipande kimoja kilikuwa na rutuba ambayo sikuijua. Lakini majirani waliolinganisha na mimi walikuwa na hadithi hiyohiyo, na hakuna mkulima mzee huku atakayeshangaa. Mbolea ya bei nafuu iliyofika baada ya mvua ilinigharimu kuliko mbolea ghali iliyofika kabla.

Kwa nini basi ichelewe? Sehemu ya jibu ni njia inayopita. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, iliundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ile ya ngano, na maghala yake yalijengwa kwa kazi ya kununua na kuhifadhi nafaka. Yako mijini na karibu na barabara kubwa, mahali pa kufaa kwa lori la mahindi. Mbolea ya ruzuku iliposhikwa na serikali ilipitishwa humo humo, na baadaye shirika la biashara la taifa, KNTC, na vyama vya ushirika vikaongezwa ili kuisogeza karibu. Kusogezwa huko kumesaidia, na wenzetu walio karibu na stoo za ushirika wananiambia wanatembea kwa miguu. Lakini ziko sehemu nyingi kama kwangu ambako bado ni mwendo.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyopanga bei ya mbolea na kutoa leseni za kuiagiza. Vizuizi hivyo vilipoondolewa, wafanyabiashara waliingia vijijini. Watafiti wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton walipima umbali kutoka shamba la mkulima hadi kwa muuzaji wa mbolea wa karibu. Mwaka 1997 ulikuwa kilomita 8 hivi kwa wastani, na kufikia 2007 ulikuwa umeshuka hadi kama 3. Nakumbuka mabadiliko hayo bila kuwa na takwimu. Duka la kwanza la pembejeo lilifunguliwa pale sokoni kwetu nikiwa bado nafundisha. Muuzaji alikata mfuko akaweka mizani, ukawa unaweza kununua kilo mbili, kilo tano, na akikujua anakuandika kwenye kitabu ulipe ukivuna. Mwanamke mwenye robo ekari alipata mbolea siku anayoihitaji, akiwa ameifunga kwenye leso.

Mbolea ya ruzuku haikuuzwa kwetu kwa kilo. Ilikuwa mfuko mzima, fedha zote mara moja kwa simu, mbali. Mwenye robo ekari hakuwa na 2,500 kwa mkupuo mwezi Machi, mwezi ambao ghala la nyumbani limebaki gorogoro chache na karo ya muhula haijaisha. Nauliza kila mara ninapopata nafasi kwenye baraza la chifu: kwa nini muuzaji wetu wa pembejeo, anayejulikana na kila mtu, asiruhusiwe kuuza mbolea hii kwa vocha ya simu, serikali ikamrudishia tofauti? Najua hofu iliyopo, kwamba mbolea itahamishiwa mifuko mingine na kuuzwa kwa bei ya soko. Polisi wamewahi kunasa watu wakifanya hivyo hata sasa, inapopitia kwenye maghala. Wizi ni wa kufuatiliwa popote ulipo, na hauwezi kuwa sababu ya kumweka mkulima kilomita 17 kutoka kwenye mbolea yake.

Uliwahi kuwepo mpango wa vocha kama huo. Kuanzia mwaka 2007, kupitia Kilimo Plus, mkulima maskini alipewa mara moja kifurushi cha kutosha ekari moja: mbegu kilo 10, mfuko wa kupandia, mfuko wa kukuzia. Alichukua kwa vocha kwenye duka la pembejeo. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Alivuna, akauza sehemu, na msimu uliofuata akanunua mwenyewe pale pale. Mpango ulifikia watu wachache ukilinganisha na wahitaji, na haukudumu. Bado naona ulimfahamu mkulima mdogo kuliko mingine yote niliyoiona.

Mipango yote mikubwa ya zamani ilimfahamu mtu mwingine. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi, wakati Trans Nzoia ilipokuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Alitusimulia jinsi magunia ya bwana yalivyopakiwa kwenye treni Kitale, na reli ikiyabeba kwa nauli ya chini mpaka pwani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1942, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao. Ilimhakikishia mlowezi kiasi fulani cha fedha kwa kila ekari aliyopanda kwa kibali. Mvua ikikataa, alilipwa. Hayo yalikuwa malipo ya ruzuku kwa maana kamili, hapa hapa kwenye udongo huu, na babu yangu aliyeushika mpini wa jembe hakuwemo kwenye daftari. Baada ya uhuru mpango uliendelea kwa miaka, na waliokuwa na mashamba makubwa ndio walioufaidi zaidi. Wazazi wetu walijiunga na vyama vya kununua mashamba, wakakatiwa vipande. Ninaposisitiza kwamba orodha ya wakulima iwe na majina ya wanaolima, nafanya hivyo nikiwa na babu yangu moyoni.

Niseme na habari ya mbolea bandia, kwa kuwa iliwaka mwezi ule ule niliokuwa nangoja. Machi 2024 vyombo vya habari vilifichua kwamba mifuko iliyouzwa kwa jina la mbolea ya ruzuku haikuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Serikali ilisimamisha uuzaji wake na kuahidi kuwafidia waliouziwa. Mei, Bunge la Kitaifa lilipiga kura kuunga mkono hoja ya kumng'oa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati maalum ya wabunge 11 ikachunguza na kuona kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa, akabaki ofisini hadi baraza la mawaziri lilipovunjwa Julai. Huko kwenye vikao walizungumza kwa majuma. Sisi tulikuwa na mifuko mbele yetu na mvua juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyeweza kutuambia tupande au tusipande.

Nilipofika nyumbani na mifuko yangu nilichukua glasi mbili za maji. Kwenye moja nikatia kijiko cha ile ya kukuzia, CAN, nikaishika glasi mkononi. Baada ya muda mfupi ikawa baridi, baridi ya kweli kana kwamba imetoka kisimani. CAN ikiyeyuka hunyonya joto la maji. Chini likabaki tope jeupe kidogo, ambalo ni chokaa iliyomo ndani yake. Kwenye ya pili nikatia ya kupandia. Chembe zilianza kulainika polepole, zikalegea, maji yakawa ya rangi ya chai hafifu. Hazikukaa kama kokoto. Nikalala. Kipimo cha glasi hakikuambii kama ndani kuna kiasi kilichoandikwa, na hakiwezi kuchukua nafasi ya maabara, lakini kingeweza kunionyesha mawe. Niliwafundisha wenzangu wa chama, na usiku uliofuata majiko mengi ya kijiji yalikuwa na glasi juu ya meza.

Niwaeleze pia zile namba tatu zinazoandikwa kwenye mfuko, maana wengi hununua bila kuzisoma. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosfati, ya tatu potashi, kila moja kwa asilimia. DAP, mbolea ya kupandia, imeandikwa 18:46:0. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati, basi. Inapendwa kwa sababu mahindi machanga hupata mizizi. Lakini DAP, msimu baada ya msimu kwa miaka, huufanya udongo kuwa mchachu. Nilipima shamba langu nikapata pH 5.1. Mahindi hutaka kuanzia 5.5 kwenda juu. Chini ya hapo madini ya chuma na alumini yaliyomo udongoni huikamata fosfati na mmea hauifikii. Maana yake mfuko uliolipiwa na Hazina na kubebwa kutoka Mombasa huenda ukafungwa ardhini mbele ya macho yako. Dawa yake ni chokaa ya shambani, na ni rahisi kuliko mbolea, ila ni nzito na huhitajika nyingi, kwa hiyo usafiri ndio unaotushinda. Ningefurahi sana kuona ruzuku ya kubeba chokaa. Chama chetu kilikodi lori moja Desemba ile, baada ya mavuno, tukaleta, kila mmoja akapata mifuko ya kuanzia. Tuliimwaga kwa mikono, nyuso zimefungwa leso, tukatoka weupe kama watu waliosaga unga.

Kazi nyingine tuliyofanya ni kuweka akiba. Kila mama alileta shilingi 200 kwa wiki tangu mavuno, ili Februari ikifika tuwe na fedha mkononi, tukodi gari moja kwenda kituoni badala ya boda boda 14. Na nilikwenda kwa chifu na barua ya kukodisha, iliyotiwa sahihi na mwenye shamba, mbele ya mzee wa kijiji. Haikuwa rahisi kuipata. Mwenye shamba alidhani nataka kumnyang'anya ardhi, nikamweleza kwa simu jioni tatu mfululizo. Chifu aliisoma, akamwita kijana wake, na ekari mbili na nusu zikaandikwa kwa jina langu na namba yangu ya simu.

Simu hiyo nailaza karibu na kichwa, imewekwa chaji. Jana radi ilinguruma upande wa Elgon. Ujumbe bado.